Barua Pepe Inapofika na Herufi Zilizovurugika

Barua pepe iliyoandikwa "ng’ombe watatu wameuzwa" inaweza kumfikia mpokeaji ikisomeka "ngâ€™ombe watatu wameuzwa". Herufi zote zimefika salama isipokuwa ritifaa, ambayo mahali pake pamekaliwa na alama tatu ambazo mtumaji hakuziandika. Mpokeaji hudhani kompyuta yake imeingiwa na virusi, au mtumaji kakosea kuchapa, au mtandao ulikuwa mbovu siku hiyo. Dhana zote tatu hazina msingi. Alama hizo zinaeleza waziwazi ujumbe uliandikwa kwa jedwali lipi la herufi na umesomwa kwa jedwali lipi, na zinathibitisha kwamba hakuna kilichopotea njiani. Anayejua kuzisoma hukifikia chanzo cha kosa kwa dakika chache. Asiyejua hubahatisha mipangilio huku na huku, hunakili, husambaza upya, na mara nyingi huharibu ujumbe ambao hadi hapo ulikuwa mzima.

Majedwali ya herufi

Kompyuta huhifadhi maandishi kama baiti, yaani namba kuanzia 0 hadi 255, na jedwali la herufi ndilo linaloamua namba ipi isomwe kama herufi ipi. Jedwali lililo msingi wa karibu mengine yote ni ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963, lenye nafasi 128 tu. Kiswahili sanifu kinaenea chote humo: hakina herufi yenye alama juu wala chini yake, na ritifaa iliyonyooka ya ng' ina nafasi yake, namba 39. Ndiyo maana ofisi ya Dodoma au Mombasa inaweza kutuma barua za Kiswahili miaka nenda miaka rudi bila kuliona tatizo hili, wakati wenzao wa Bujumbura na Lubumbashi wanaoandika na Kifaransa walilijua mapema.

Kinga hiyo ina mianya. Microsoft Word, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ya kupinda papo hapo inapochapwa, na simu za iPhone hufanya vivyo hivyo tangu toleo la iOS 11 la mwaka 2017. Ritifaa ya kupinda haimo kwenye ASCII. Mwanya wa pili ni majina ya watu. Barua ya Kiswahili safi hubeba jina la Wanjikũ au Mũthoni lenye herufi za Kikuyu, jina la Béatrice wa Bujumbura, au salamu ya Kiarabu kutoka Muscat, na kila mojawapo huhitaji jedwali kubwa zaidi.

Majedwali hayo makubwa yalizaliwa mengi, kila moja na njia yake. ISO-8859-1 liliongeza herufi za Ulaya ya Magharibi. Microsoft ikalitwaa, ikajaza nafasi 27 kati ya 32 zilizokuwa zimeachiwa alama za udhibiti, ikaweka humo alama za kunukuu za kupinda na baadaye alama ya yuro, na matokeo yake yakaitwa Windows-1252. Warusi walikuwa na KOI8-R, Waarabu wakapewa Windows-1256. Baiti 233 ni é katika Windows-1252 lakini ni И katika KOI8-R, na ndani ya baiti yenyewe hamna kitu chochote kinachosema ni ipi kati ya hizo mbili.

Suluhisho la leo ni Yunikodi, orodha moja ya herufi za lugha zote, ikiandikwa kwa njia ya UTF-8 iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mnamo Septemba 1992. Katika UTF-8 herufi za ASCII hubaki na baiti moja kama zamani. Herufi é, ĩ na ũ huchukua baiti mbili, sawa na herufi za Kiarabu. Ritifaa ya kupinda huchukua tatu. Emoji nyingi huchukua nne. Tofauti hii ya idadi ya baiti ndiyo inayofanya kosa lisomeke kirahisi, kama itakavyoonekana hapa chini.

Barua pepe ilikwishajengwa kabla ya majedwali hayo makubwa na Yunikodi. Itifaki ya SMTP iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982 iliruhusu biti saba tu kwa kila herufi, yaani ASCII basi. Seva nyingi za zama hizo zilipopewa baiti yenye biti ya nane ziliikata bila kumwambia mtu: é ya ISO-8859-1 iligeuka i, na neno "café" likafika "cafi". Waliopanga KOI8 kwa ajili ya Kirusi walilitazamia hilo kwa ustadi wa kuheshimiwa. Walizipanga herufi zao ili biti ya nane ikikatwa, kila herufi ianguke juu ya herufi ya Kilatini inayokaribiana nayo kwa sauti. "Москва" ikikatwa hivyo hubaki "mOSKWA", na Mrusi huisoma bila taabu. Lugha nyingine hazikupata hifadhi hiyo.

Lebo mbili

Mnamo Juni 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni za MIME, na hizo ndizo zinazotawala barua pepe hadi leo. Kiini chake ni mistari miwili inayotangulia maandishi:

Content-Type: text/plain; charset="UTF-8"
Content-Transfer-Encoding: quoted-printable

Mstari wa kwanza hutaja jedwali la herufi. Wa pili hueleza namna baiti zilivyofungashwa ili zipite kwenye njia ya biti saba. Kwa quoted-printable, kila baiti isiyo ya ASCII huandikwa kwa alama ya sawasawa na tarakimu mbili za heksadesimali, hivyo ng’ombe huwa ng=E2=80=99ombe. Kwa base64, kila baiti tatu huwa herufi nne, na neno lilelile huwa bmfigJlvbWJl. Njia ya kwanza inafaa maandishi ambayo sehemu kubwa ni ASCII, kama Kiswahili, kwa sababu mtu anaweza kuyasoma hata yakiwa yamefungashwa. Ya pili inafaa Kiarabu, picha na viambatisho, ingawa ujumbe huongezeka ukubwa kwa theluthi moja.

Mada ya ujumbe na majina ya mtumaji na mpokeaji hayafuati mistari hiyo miwili. Yana mtindo wake, ulioandikwa na Keith Moore mwaka huohuo wa 1992, ambapo jedwali na namna ya kufungasha hutajwa ndani ya neno lenyewe:

Subject: =?UTF-8?Q?ng=E2=80=99ombe?=

Majina ya viambatisho nayo yana mtindo wa tatu, wenye alama za asilimia. Kwa hiyo ujumbe mmoja unaweza kuwa na mwili uliosalimika, mada iliyovurugika na kiambatisho chenye jina la ajabu, yote kwa pamoja. Mtu anayelalamika kwamba "barua imeharibika" aulizwe kwanza ni sehemu ipi, maana kila sehemu ina lebo yake na huandikwa na kipande tofauti cha programu.

Kusoma vurugu

Vurugu ya kawaida kuliko zote ni ile ya ng’ombe wa mwanzo. Baiti za ritifaa ya kupinda katika UTF-8 ni E2, 80 na 99. Katika Windows-1252, E2 ni â, 80 ni € na 99 ni ™. Mwandishi alitumia UTF-8 na msomaji akatumia Windows-1252: hakuna fumbo lingine. Dalili kuu ni kwamba herufi moja imezaa mbili, tatu au nne, na ile inayotangulia huonyesha ukoo wake. Ã hutangulia herufi za Ulaya, hivyo Béatrice huwa BÃ©atrice. Ä na Å hutokana na Kikuyu na Kikamba, na Gĩkũyũ huwa GÄ©kÅ©yÅ©. Ø na Ù zikifuatana mfululizo ni Kiarabu; salamu سلام hufika Ø³Ù„Ø§Ù…. Kifungu â€ ni alama za uandishi, na ðŸ ni emoji. Â iliyosimama peke yake mbele ya nafasi tupu hutokana na nafasi isiyokatika, ambayo Word na kurasa za HTML hupenda kuitumia. Mhariri huifuta kwa mkono mamia ya mara bila kujua kwamba lebo moja ingezimaliza zote. Fundi akishazizoea dalili hizi hahitaji chombo chochote kutaja kosa.

Kuna sura nyingine ya kosa hilohilo inayopotosha zaidi. Programu inayofuata ISO-8859-1 kwa ukali, bila nyongeza za Microsoft, haina cha kuonyesha kwa baiti 80 na 99. Msomaji huona â tu na kitu kisichoonekana nyuma yake. Watu huhitimisha kwamba baiti mbili zimepotea, kumbe zipo.

Kosa likigeuka upande wa pili, sura yake hugeuka pia. Ujumbe ulioandikwa kwa Windows-1252 ukasomwa kama UTF-8 hutoa almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza: ng�ombe. Ritifaa ya Windows-1252 ni baiti moja, 92, na UTF-8 haiwezi kuikubali ikiwa peke yake, hivyo programu huweka alama rasmi ya Yunikodi ya kusema "hapa pana kitu kisichosomeka". Hapa panatakiwa uangalifu. Almasi iliyo kwenye kioo tu haina madhara, kwa sababu baiti 92 bado imo kwenye ujumbe asilia na lebo sahihi itairudisha. Almasi iliyokwisha kuhifadhiwa na programu ni habari nyingine: 92 imefutwa na mahali pake pameandikwa EF, BF na BD. Ujumbe kama huo ukisomwa baadaye kwa Windows-1252 huonyesha ï¿½, na popote ï¿½ inapoonekana, maandishi ya awali hayamo tena humo.

Alama ya kuuliza ya kawaida ni mbaya kupita zote. "Wanjik?" maana yake programu fulani ilijua vizuri kwamba hapo palikuwa na ũ, ikaambiwa iiandike kwa jedwali lisilo na ũ, ikaandika alama ya kuuliza. Hakuna baiti ya kutafsiri upya. Programu nyingine huona huruma na kuweka u, na "Wanjiku" hupita bila mtu kushtuka. Upotevu ni uleule, ila haupigi kelele. Kwa jina la mtu kwenye hati ya benki au cheti cha shule, upotevu wa kimya ni hatari kuliko vurugu inayoonekana.

Vurugu ndefu kama Ã¢â‚¬â„¢ mahali pa ritifaa moja, au ÃƒÂ© mahali pa é, huonyesha kwamba kosa limefanyika mara mbili. Maandishi yalisomwa vibaya, yakahifadhiwa yakiwa yamevurugika kama UTF-8 halali, kisha yakasomwa vibaya tena. Kila duru huongeza urefu. Hali hii hutokea hasa kwenye hifadhidata ambazo mtu "alizirekebisha" kwa kubadili lebo ya jedwali bila kutazama data iliyomo.

Maandishi yakionekana na =E2=80=99 na =3D waziwazi, au mwili mzima ukiwa mistari ya herufi zisizo na nafasi, jedwali la herufi halina hatia. Lebo ya pili, ya ufungashaji, ndiyo imepotea. Mara nyingi programu inayotengeneza ujumbe imeacha mstari mtupu katikati ya vichwa, yaani mistari ya lebo inayotangulia barua, na kwa kanuni za barua pepe mstari mtupu humaliza vichwa na kuanzisha mwili; vichwa vilivyobaki humwagika ndani ya barua. Seva za kuongeza maneno ya chini, yale ya "ujumbe huu ni wa siri", nazo hufanya kosa hili zinapobandika maandishi yao bila kuangalia ujumbe umefungashwa vipi.

Dalili mbili hazihusiani na majedwali kabisa, na hupoteza muda wa mafundi. Vijisanduku vitupu huonyesha kwamba herufi imetambuliwa sawasawa ila fonti ya kifaa haina umbo lake. Na herufi J iliyosimama peke yake mwishoni mwa sentensi ya kirafiki hutoka Outlook, ambayo hugeuza alama za uso wa tabasamu kuwa J ya fonti ya Wingdings. Asiye na fonti hiyo huona J.

Kutafuta kosa lilipo

Picha ya kioo haitoshi kwa uchunguzi, na ujumbe uliosambazwa upya ni mbaya zaidi, kwa kuwa programu ya msambazaji huusimba upya na kufuta ushahidi. Kinachotakiwa ni ujumbe asilia. Gmail huuonyesha kupitia menyu ya nukta tatu iliyo pembeni ya ujumbe; Thunderbird huuonyesha kwa Ctrl+U. Ikilazimu kumpelekea fundi, utumwe kama kiambatisho cha faili ya .eml, ambayo hubeba vichwa na baiti zote kama zilivyofika.

Ndani ya ujumbe asilia hutazamwa vitu vitatu kwa mpangilio: charset inayotangazwa, ufungashaji unaotangazwa, kisha baiti zenyewe mahali pa herufi moja iliyovurugika. Kwa quoted-printable baiti zinasomeka kwa macho. Zikionekana =E2=80=99 na lebo ikisema ISO-8859-1, mtumaji ameandika UTF-8 na kutangaza kingine; kosa ni lake. Zikionekana =E2=80=99 na lebo ikisema UTF-8, ujumbe uko sawa kabisa na kosa ni la programu ya msomaji. Zikionekana =C3=A2=E2=82=AC=E2=84=A2, vurugu ilikuwamo tayari kabla barua haijatumwa, na seva za barua hazihusiki hata kidogo. Matokeo haya matatu hufunika sehemu kubwa ya kesi, na kila moja hupeleka lawama mahali tofauti. Ndiyo sababu kuangalia baiti kabla ya kugusa mipangilio ni hatua isiyorukwa.

Ujumbe wa HTML una mtego wa ziada. Mbali na kichwa cha MIME, ukurasa wenyewe unaweza kubeba tangazo lake la charset. Yakitofautiana, kichwa cha MIME ndicho chenye kauli ya mwisho. Lakini ujumbe ukihifadhiwa kama faili na kufunguliwa kwenye kivinjari, kichwa hakipo tena na tangazo la ndani hushika usukani. Barua ileile huonekana safi mahali pamoja na kuvurugika pengine, na watu wawili hubishana kila mmoja akiwa mkweli.

Mada ina kasoro zake. Neno moja lililosimbwa halipaswi kuzidi herufi 75, hivyo mada ndefu hukatwa vipande, na kanuni hukataza kukata katikati ya herufi. Programu zinazohesabu baiti badala ya herufi huikata ritifaa yenye baiti tatu, mbili zikabaki kipande cha kwanza na moja ikaenda cha pili. Almasi zikitokea mahali pamoja tu, katikati ya mada ndefu, huo ndio ugonjwa.

Pale ambapo ujumbe unapita mikono mingi, kutoka programu ya mtumaji hadi seva yake, chombo cha kuchuja barua taka, hadi seva ya mpokeaji, nakala iliyo kwenye folda ya ujumbe uliotumwa hulinganishwa na iliyopokelewa. Kisha hutumwa ujumbe wa majaribio kwa akaunti nyingine iliyo nje ya njia hiyo. Mstari mzuri wa majaribio hauhitaji kuwa mrefu, bali uwe na herufi zinazoangukia ngazi tofauti: é ambayo ISO-8859-1 inaimudu, ritifaa ya kupinda na € ambazo Windows-1252 inazimudu, ũ ambayo hayo mawili hayana, سلام inayoandikwa kutoka kulia, na emoji moja ya baiti nne. Herufi ya kwanza kuharibika huonyesha uwezo wa kiungo dhaifu unaishia wapi. Sentensi ya Kiswahili ya kawaida isiyo na alama yoyote haipimi chochote. Itapita hata kwenye mfumo mbovu kuliko yote, na kumpa mpimaji imani asiyostahili kuwa nayo.

Kurekebisha kwenye chanzo

Barua zinazoandikwa na watu kwa mkono siku hizi hukosea mara chache, kwa kuwa programu kubwa hutuma UTF-8. Matoleo ya zamani ya Outlook ya kompyuta huwekewa UTF-8 katika chaguo za kimataifa za ujumbe unaotumwa. Kero kubwa iko kwenye barua zinazotumwa na mifumo: risiti, taarifa za ada, taarifa za vyama vya akiba na mikopo, uthibitisho wa usajili. Mingi ya mifumo hiyo imeandikwa kwa PHP. Kazi ya mail() ya lugha hiyo haitangazi charset isipoambiwa, wala haisimbi mada. Maktaba ya PHPMailer husimba kila kitu vizuri, lakini jedwali lake la awali ni ISO-8859-1. Msanidi anayeipa maandishi ya UTF-8 bila kuandika

$mail->CharSet = 'UTF-8';

hutuma Ã© kwa wateja wake wote. Mstari huo mmoja umetibu vurugu nyingi kuliko pengine ushauri mwingine wowote katika fani hii.

Nyuma ya programu kuna hifadhidata. MySQL ilitumia latin1 kama jedwali la kawaida hadi toleo la 8.0 la mwaka 2018, na kile ilichokiita utf8 hakikuweza kubeba zaidi ya baiti tatu. Emoji ikiingia, mfumo hukataa kuhifadhi, au, usipokuwa katika hali ya ukali, huyakata maandishi yote kuanzia hapo. Jina la jedwali kamili ni utf8mb4. Linapaswa kutajwa kwenye majedwali ya data na pia kwenye muunganisho kati ya programu na hifadhidata. Wengi hukumbuka la kwanza na kusahau la pili, na hapo ndipo vurugu ya mara mbili huzaliwa.

Orodha za wapokeaji nazo zichunguzwe. Faili ya CSV iliyoandikwa kwa UTF-8, isipokuwa na alama ya utambulisho mwanzoni, inaweza kufunguliwa na Excel kwa jedwali la zamani la Windows. Karani huona WanjikÅ©, hashughuliki, huhifadhi, na kuanzia hapo kosa limekuwa data. Barua mia tano zitatumwa na jina hilo, seva zote zikifanya kazi yao barabara. Faili iingizwe kwa amri ya kuleta data, ambayo huuliza jedwali la herufi, badala ya kubofywa mara mbili.

Kuhusu njia, nyongeza ya 8BITMIME ya mwaka 1993 huruhusu baiti za biti nane kupita bila kufungashwa, na seva nyingi za leo huikubali. Hata hivyo ni salama zaidi mtumaji afungashe mwenyewe. Ujumbe wa biti nane ukikutana na seva isiyoikubali nyongeza hiyo hufungashwa upya njiani, na sahihi ya DKIM (ya kuthibitisha kwamba ujumbe haukubadilishwa) iliyowekwa juu ya mwili wa awali huvunjika. Barua halali huishia kwenye taka. Jambo la kando linalogusa mifumo hiyohiyo: ritifaa ya kupinda katika SMS huushusha ujumbe kutoka herufi 160 hadi 70, kwa sababu jedwali la kawaida la simu halina alama hiyo, na gharama huongezeka. Kwa ujumbe wa SMS wa Kiswahili, ritifaa iliyonyooka ndiyo chaguo sahihi.

Kuokoa ujumbe uliokwisha kufika

Mpokeaji anayeshindwa kusoma ajaribu kwanza kubadili jedwali la kuonyesha, ikiwa programu yake inaruhusu. Thunderbird ina amri ya kurekebisha usimbaji wa maandishi. Hatua hiyo haigusi baiti, hivyo haiwezi kudhuru.

Maandishi yaliyokwisha kunakiliwa yakiwa yamevurugika hurudishwa kwa kupita njia ileile kinyumenyume: yaandikwe kama Windows-1252, kisha yasomwe kama UTF-8. Kwa Python ni mstari mmoja:

maandishi.encode("cp1252").decode("utf-8")

Vurugu ya mara mbili hupitishwa humo mara mbili. Maktaba ya ftfy ya Python hufanya kazi hiyo kwa kukisia yenyewe duru zinazohitajika. Mipaka ipo. Alama ya kunukuu ya kufungia ina baiti 9D, ambayo Windows-1252 haina herufi yake, na programu nyingi huwa zimekwisha kuitupa. Kihusishi cha Kifaransa à huvurugika kuwa Ã na nafasi isiyokatika. Mhariri au programu ikiigeuza nafasi hiyo kuwa ya kawaida, baiti ya pili imepotea na mstari ule wa Python utagoma. Kwa hiyo urejeshaji hufanywa kabla ya mtu yeyote kuyasafisha maandishi kwa mkono, na hufanywa kwenye nakala, asilia ikiachwa kama ilivyo.

Pale palipobaki alama ya kuuliza au ï¿½, hakuna jedwali wala programu itakayorudisha herufi iliyokuwapo. Mtumaji arekebishe mfumo wake kwanza, kisha atume barua upya kutoka kwenye maandishi ya awali.